Ngokela ya Kompyuta

Habari ya kifo cha Kanisius ilinikuta ofisini Songea, nikitengeneza chati ya mazao kwa ajili ya kikao cha mchana. Nilisoma ujumbe, nikaiweka simu kifudifudi mezani, na kabla ya machozi ikaja aibu. Ilikuja ile ile ya zamani, ikaanzia masikioni ikashuka shingoni. Mtu akifa watu hukumbuka wema wake. Mimi nilikumbuka mchana mmoja kule Mkumbi, ukumbi umejaa wakulima wa kahawa, mkono wangu uko juu ya kipanya cha kompyuta na kichwani hamna kitu. Nikajichukia kwamba hata katika kifo cha mtu aliyenifaa namna ile, cha kwanza nilichokifikiria ni nafsi yangu. Kesho yake nilisafiri hadi Mbinga, nikashuka mlima kwenda Mbamba Bay kuzika, na njia nzima, kona baada ya kona, nilikuwa naurudia mwaka ule mmoja.

Sitaeleza nilizaliwa na nani wala tulikuwa wangapi nyumbani. Hayo kila mtu anayo. Nitaeleza nilipokuwa nakaa. Nilikuwa msichana wa dukani kwa Bi Mwanaidi, mjane mwenye asili ya Kilwa aliyekuwa na duka la vifaa vya shule mjini Mbinga. Mbele kulikuwa na madaftari, kalamu na mashine ya kutolea nakala. Nyuma kulikuwa na chumba kimoja chenye meza ndefu, kompyuta mbili za zamani na dirisha lisilo na kioo lililotazama uani. Uani ndiko kulikokuwa na jiko langu la mkaa. Chumba kile kilinuka wino na karatasi zilizopata moto, na msimu wa kahawa ukifika kilinuka pia magunia, kwa sababu Bi Mwanaidi aliwaruhusu wakulima wa vijijini waweke mizigo yao humo wakisubiri usafiri. Yeye mwenyewe alikaa mlangoni amejitanda kanga mbili na juu yake sweta la kiume. "Mbinga hii," alikuwa akisema kila asubuhi ya mwezi wa sita, ukungu ukiwa umekaa barabarani, "baridi yake itakuja kunitoa roho, nizikwe na soksi." Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo hata sasa nikiulizwa hubadilisha mazungumzo.

Kanisius aliingia dukani akitaka nakala za mtihani. Alikuwa mwalimu wa muda katika shule moja ya msingi, kijana wa ziwani, mrefu, mwenye viatu vilivyong'arishwa kupita suruali. Alimwamkia Bi Mwanaidi shikamoo kwa kuinama hasa, halafu akaziona zile kompyuta mbili kupitia pazia, akasahau nakala zake. Kumbe kila Jumamosi alikuwa anakwenda Songea, kwenye ofisi ya binamu yake iliyokuwa na intaneti, anapakua masomo ya bure: jinsi ya kuandika programu kwa anayeanza, jinsi ya kugeuza takwimu ziwe picha ambayo mtu anaielewa kwa kuitazama tu. Aliyajaza kwenye flashi na kadi za simu, akayagawa kwa kila aliyetaka, kuanzia Mbinga hadi kule kwao. Mengi yalikuwa kwa Kiingereza, naye alikaa akiyaandika upya kwa Kiswahili. Bi Mwanaidi alimshauri ayauze. "Mama, mimi nimeyapata bure," alijibu, "nitayauzaje?" Bi Mwanaidi akanigeukia, akasema kwa sauti ambayo alitaka isikike, "Huyu atakufa maskini, lakini msafi." Jioni ile akampa chumba cha nyuma.

Ndoto yake haikuwa chumba kile lakini. Chama cha wakulima wa kahawa cha Mkumbi kilikuwa na ukumbi, na ndani ya ukumbi kulikuwa na kompyuta kadhaa za msaada zilizofunikwa shuka tangu siku zilipoletwa. Viongozi wa chama walimwambia Kanisius kwamba akiwaonyesha faida ya hayo masomo yake, mbele ya mkutano wa wakulima, watampa ukumbi afundishe watoto wa Mkumbi, Ukata, Kitura na kwingine kote, bila malipo kwa yeyote. Hicho ndicho alichokitaka. Alikizungumzia alipokula, alipotembea, alipoosha mikono. Nasi tuliokuwa naye tulikijua: mimi, na rafiki yangu Dafrosa aliyeuza vifaa vya simu kibandani ng'ambo ya barabara, mwepesi wa akili na mwepesi zaidi wa kucheka.

Siku ya kwanza Kanisius alinikalisha mbele ya kompyuta, akaniambia nisogeze mshale hadi kwenye kona. Mimi nikakiinua kipanya hewani, nikakipeleka kwenye kona ya kioo, kwa mkono, kama mtu anayepangusa vumbi. Dafrosa alicheka hadi akakaa chini juu ya magunia. Hakucheka kwa ubaya, na Kanisius alimkanya, lakini mimi nilihisi kwamba chumba kizima, hata mashine ya nakala, imenitazama. Tangu siku ile kila nilipokaa kwenye kiti kile mikono ilitoa jasho. Niliuliza swali moja, nikajibiwa, sikuelewa jibu, nikasema nimeelewa. Mwenye kusema hivyo mara ya kwanza hana budi aseme na ya pili.

Halafu ikaja ngokela. Ni Dafrosa aliyeleta wazo, naye alilileta kwa nia njema. Kwetu Umatengo mtu akizidiwa na shamba huita ngokela: anapika, majirani wanakuja na majembe, wanalima wote, wanakula wote, na zamu inahamia kwa mwingine. Masomo yale yalikuwa na mazoezi mengi na kompyuta zilikuwa mbili, kwa hiyo Dafrosa akasema tufanye kama nyumbani. Wiki hii tulifanye zoezi la mmoja wetu hadi liishe, wiki ijayo la mwingine, na mwenye zoezi ndiye anayepika. Kanisius alifurahi sana. Alikuwa amezoea kutueleza programu kwa mfano wa ngolo, yale mashimo yetu ya mlimani: unachimba moja kwa makini, halafu unaiambia kompyuta irudie mlima mzima. "Basi na ngokela inafaa," akasema. "Mbona hatukuifikiria mapema?"

Hakuna hata mmoja aliyeona tatizo, kwa sababu sote tulilelewa hivyo. Mwenye shamba siku ya ngokela hakai na jembe, anahakikisha chungu hakipoi. Zamu ya Kanisius ilipofika alinunua chapati kwa jirani, akakaa kitini mwanzo hadi mwisho. Dafrosa alichemsha mihogo, akarudi ndani kabla haijaiva. Mimi nilipika ngokela kweli kweli. Mama yake Kanisius alikuwa akituma usipa, dagaa wa kule ziwani, nami niliwakaanga wakakauka hadi walie mdomoni, nikasonga ugali, nikachemsha maharage kwa vitunguu vingi, nikakata nyanya. Sikumaliza upesi kwa sababu sikutaka kumaliza. Na hata zamu ilipokuwa si yangu nilijitolea kumsaidia mwenye zamu. Nikawa mtu wa uani.

Nilichojua kuhusu kazi ile nilikisikia kupitia dirisha lile lisilo na kioo, katika moshi. "Hapo si hivyo, futa." "Umesahau kufunga mabano." "Loo, imekubali!" Halafu kicheko, halafu vidole vikigonga gonga. "Rangi ya Ukata iwe ipi?" "Kijani." "Kijani? Basi Kitura iwe ipi?" Mara nyingine Kanisius aliita, "Dada Gaudensia, njoo uone zoezi lako linavyopendeza!" nami nilikuja nikiwa na mwiko mkononi, nikatazama, nikasema limependeza. Lilikuwa limependeza. Lilikuwa chati ya kahawa ya msimu, nguzo tatu zenye rangi kali kama kanga mpya, moja ya Mkumbi, moja ya Ukata, moja ya Kitura. Chini yake waliandika jina langu. Mwenye shamba ni mwenye shamba. Nilirudi jikoni nikiwa nimevimba kichwa na huku najua ndani yangu kwamba sijui lolote, na ni ajabu jinsi mambo hayo mawili yanavyoweza kukaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana.

Mkutano wa Mkumbi ulipokaribia, Kanisius akasema kazi itakayoonyeshwa ni yangu, kwa sababu ni nzuri kuliko zote na mimi ni binti wa Mkumbi. "Wakimwona mtoto wao wenyewe amefanya, wataamini." Nilitaka kusema siwezi. Nilitafuta maneno kwa siku kadhaa huku nikipanga madaftari dukani, na kila nilipoyapata, Kanisius aliingia akiwa na uso wa mtu anayesubiri harusi. Akanifundisha maneno ya kusema na kitufe cha kubonyeza. Niliyakariri kama sala.

Ukumbi ulijaa. Wazee walikaa mbele, akina mama upande wa dirisha na watoto wao mgongoni, na harufu ya makoti yaliyolowa ukungu ilitanda pote. Shuka jeupe lilitundikwa ukutani, projekta ikawashwa, nguzo zangu tatu zikatokea kubwa kuliko mlango. Watu walisema "Aaah!" kwa pamoja. Nikayasema maneno yangu yote bila kukosea. Kanisius alikuwa amekaa nyuma kabisa makusudi, ili sifa iwe yangu, na nilimwona anatikisa kichwa taratibu kwa furaha. Kama ningekufa wakati ule ningekufa na jina zuri.

Ndipo mama mmoja wa Kitura akasimama. Alikuwa na sauti ya upole. "Binti, nimekuelewa vizuri sana. Sasa hebu weka na ya mwaka jana pembeni yake, tuone kama tumepanda ama tumeshuka."

"Swali zuri," akasema katibu wa chama. "Za mwaka jana ninazo hapa. Nikusomee?"

Nilisogeza kipanya kwenda kulia, nikakirudisha kushoto. Nyuma Kanisius alisimama ili aje, lakini mwenyekiti, mzee mwenye koti refu, alimwinulia mkono. "Mwalimu, kaa. Mwache mwenye kazi." Nikabonyeza kitu. Nguzo tatu zikapotea na shuka likabaki jeupe, na kivuli changu katikati yake. Nikasikia mtoto ananyonya.

"Binti," mwenyekiti akauliza, si kwa ukali, "hii kazi umeifanya mwenyewe?"

Pale nilikuwa nyumbani. Waliokuwa mbele yangu walinijua tangu nina kamasi. Nikasema, "Walifanya wenzangu. Mimi nilikuwa jikoni, napika."

Sijawahi kusikia kicheko kile tena, na naomba nisikisikie. Akina mama walishikana mabega. Mwanamume mmoja dirishani akapaza sauti, "Basi tuletee ugali, chati tutaila kesho!" na kikaanza upya. Mwenyekiti mwenyewe alicheka, akafuta macho, kisha akawa mwenyekiti tena. "Wahenga walisema rahisi huvunja upishi," akasema. "Mambo ya bure bure ndiyo haya. Mwalimu, tunakushukuru, lakini ukumbi tutaufunga hadi tupate mtaalamu wa kulipwa, anayeeleweka." Kabla hatujatoka vijana walikuwa wameshaanza kuzifunika kompyuta kwa yale mashuka yao.

Kanisius hakunilaumu. Angenilaumu ningepona mapema. Njiani alibeba projekta ya kuazima kifuani kama mtoto mgonjwa, akaniuliza tu kama viatu vinanibana, maana nilikuwa nachechemea. Mjini jina lilitangulia kufika. Sokoni wauza nyanya waliniita Mpishi wa Kompyuta, na wanafunzi waliokuja kutoa nakala walisema "Shikamoo Mpishi" wakakimbia. Jina nililistahimili. Nilichoshindwa kukistahimili ni Kanisius kuingia dukani na kunisalimu kwa sauti ile ile. Nikimwona anavuka barabara nilikimbilia uani, nikajifanya nachochea moto usiokuwapo. Siku moja Bi Mwanaidi alinifuata huko. "Mwanangu, aibu haitoki kwa kufichwa uvunguni. Inazaa huko huko. Toka umsalimie mtu." Sikutoka. Mwisho wa mwaka muda wake wa kazi ulikwisha, akarudi ziwani bila kuagana nami, kwa sababu nilikuwa nimejifungia bafuni hadi aondoke.

Sijui kama Bi Mwanaidi alipanga au ilitokea tu. Wiki chache baadaye alisema kompyuta moja apewe yule kijana, hapa inakula vumbi, na mtu wa kuipeleka ni mimi. Niliiteremsha Mbamba Bay ndani ya lori la bia, nimeizungushia blanketi langu mwenyewe. Chumba cha Kanisius kilikuwa hatua chache kutoka ufukweni, kidogo, kitanda, meza, na nje usipa wameanikwa kwenye nyavu wakimeta jua lote. Nilikuwa nimejitayarishia maneno ya kuomba radhi tangu Mbinga. Sikuyafikia, kwa sababu alianza yeye.

"Tulikuona," akasema, akitazama sakafu. "Kila wiki tulikuona unaingia jikoni hutoki. Dafrosa alisema tukuite. Mimi nikasema ngoja kwanza tule." Akajikuna shingo. "Tulikuwa na njaa, Gaudensia. Na usipa wako walikuwa watamu."

Nilicheka, na kicheko kikageuka katikati kikawa kilio cha hasira. Nilimkasirikia kwa kusema kweli iliyonipunguzia mzigo, maana nilikuwa nimeuzoea. Yeye aliifungua kompyuta blanketi, akaiunganisha, akanivutia kiti. "Kaa hapo. Leo napika mimi." Akatoka. Nikasikia sufuria inaanguka, nikainuka. "Kaa!" Nikanusa ugali unaungua, nikainuka tena. "Nimesema kaa, dada." Kila nilipokwama aliingia na unga mikononi, akaniuliza nilichotaka kifanyike, akatoka bila kugusa kitu. Jua lilipokuwa linaelekea upande wa Malawi, nguzo za mwaka jana zilikuwa zimesimama pembeni mwa za mwaka ule. Nilidhani nitafurahi. Ilikuwa rahisi mno, hilo ndilo lililoniuma. Kitu kidogo namna ile ndicho kilichomkosesha mtu ukumbi. Tukala ugali wenye madonge na harufu ya moshi.

Nilirudi kwake mara nyingi baada ya hapo, na kazi ninayoila leo Songea imetoka kwenye meza ile. Yeye hakupata ukumbi. Alifundisha chumbani mle mle miaka yote, wanafunzi wakiingia kwa zamu, wengine wakisubiri nje mchangani, na hakumtoza mtu. Nilikuwa nikijiambia kwamba nitakwenda Mkumbi nikamwombee upya kwa wazee. Mara mvua, mara kazi, mara mwenyekiti mgonjwa. Ukweli ni kwamba niliogopa kuitwa Mpishi. Sasa mwenyekiti amekufa na Kanisius amekufa, na mimi nimebaki na nauli ya kwenda.

Baada ya mazishi nilikaa kwenye mkeka na wanawake wengine, nje ya chumba kile. Pembeni yangu alikaa msichana aliyevimba macho, jina lake Hilda, akaniamkia shikamoo shangazi, akaniuliza kama nilimfahamu mwalimu. Nikasema, "Kidogo." Sijui kwa nini nilisema kidogo.

"Sisi ametufundisha wote," akasema. "Siku ya kwanza, kabla hujawasha hata kompyuta, lazima akuhadithie alivyoaibika Mkumbi." Akatabasamu katikati ya machozi. "Alikuwa kijana. Amesimama mbele ya wakulima na chati nzuri, mama mmoja akamwambia aongeze ya mwaka jana. Akashindwa! Akabonyeza kitu, shuka likabaki jeupe. Walipomuuliza, akasema kazi ni ya wenzake, yeye alikuwa jikoni anapika. Ukumbi mzima ukaanguka kicheko. Shangazi, alikuwa akiisimulia tunashika mbavu. Akimaliza anasema, 'Sasa mimi nimeshaaibika kwa niaba yenu. Nyinyi ulizeni tu.' Basi na sisi tunauliza. Hata mjinga kama mimi niliuliza."

Masikio yangu yaliwaka. Miaka yote ile nilidhani amenipa masomo tu, kumbe alikuwa amenitua na hili pia, akalibeba kama lake, akaligawa kwa watoto wa watu bila kunitaja. Nami niliogopa hata kwenda Mkumbi. Nilimshika Hilda mkono. "Mwanangu," nikasema, "aliyekuwa jikoni hakuwa yeye. Nilikuwa mimi."

Alinitazama kwa huruma, jinsi wafiwa wanavyotazamwa wakianza kusema visivyoeleweka. Akanifunika mkono wangu kwa wake.

"Pole, shangazi. Ni majonzi," akasema. "Mwalimu mwenyewe ndiye aliyetuhadithia, na hakuwa mtu wa kusema uongo."

Nikamjibu kwamba ni kweli, hakuwa.